Majibu Hayajatoka: Maandishi Matatu Kabla ya Kisu

Kwenye faili langu la hospitali kuna herufi mbili, C na A, na mbele yake daktari ameweka alama ya kuuliza. Alama imetangulia herufi, si kama tulivyofundishwa shuleni. Niliiona nikiwa nimelibeba faili lenyewe kutoka chumba cha daktari kwenda dirisha la malipo. Si mnajua mambo yetu: mgonjwa haruhusiwi kusoma faili lake, lakini ndiye anayetumwa kulibeba.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Uvimbe uko titi la kushoto, ukubwa wa kunazi. Walichoma sindano wakavuta, ikaenda maabara, majibu yakarudi kwamba hayaeleweki. Kwa hiyo utatolewa wote, halafu upimwe. Jumatano saa mbili asubuhi naingia chumba cha upasuaji. Leo ni Jumamosi.

Naandika mapema makusudi. Ningeweza kungoja majibu yatoke, kisha nije hapa na makala iliyotulia, yenye mwanzo na mwisho. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimerudia kosa lilelile ninalotaka kulilalamikia.

Tangu siku ile watu wamenitumia vitu vya kusoma na kusikiliza. Karibu vyote ni shuhuda. Dada mmoja anasimulia alivyotetemeka, alivyolia bafuni, alivyoingia kwa kisu, na leo huyu hapa anacheka na wajukuu. Nawashukuru walionitumia, nia yao njema naiona. Ila mie ni msomaji wa fasihi, siwezi kuacha ujinga wangu hata nikiwa na hofu, na nasema shuhuda hizi zina kasoro moja ya usimulizi. Msimulizi anajua mwisho. Hofu ya siku ile inasimuliwa na mtu ambaye haogopi tena. Ni kama kutazama marudio ya mechi pamoja na mtu aliyeshaiona: anakuambia "tulia, goli linakuja," naye amekaa kwa raha zake. Wewe je, ambaye mpira wako bado uko katikati ya uwanja?

Hali hii Kiswahili kinaijua vizuri. Majibu hayajatoka. Sijajua. Sijapona. Sijafa. Angalieni hicho kiambishi kidogo, -ja-. Ukisema "sikula" umefunga mlango, chakula kimepita. Ukisema "sijala" bado sahani inangojwa. Lugha nyingine huhitaji kuongeza neno zima ili kusema hivyo. Sisi tumeliweka ndani ya kitenzi. Na kila -ja- ina matarajio tumboni mwake. Anayesema "sijapona" anatarajia kupona. Anayesema "sijafa," jamani, naye ana anachokitarajia. Mtu anayengoja upasuaji kwa ugonjwa unaoshukiwa anaamka na sentensi zote mbili kichwani, na hana wa kumwambia ipi ni ya kweli.

Basi katika wiki hizi tatu nimerudi kwenye maandishi matatu niliyokuwa nayo rafuni miaka mingi, nikiwa na swali moja: ni lipi linaloweza kukaa ndani ya -ja- bila kukimbilia mwisho?

La kwanza ni barua. Fanny Burney alikuwa mwandishi wa riwaya mashuhuri Uingereza. *Evelina* ilitoka mwaka 1778. Aliolewa na jenerali Mfaransa, vita vya Napoleon vikamfungia Paris, na huko, akiwa na miaka 58, titi lake la kulia likaanza kuuma. Madaktari walisema ni saratani. Tarehe 30 Septemba 1811 alipasuliwa nyumbani kwake na Dominique-Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, bila dawa ya usingizi. Dawa hiyo ilikuwa bado: etha ilionyeshwa hadharani kule Boston mwaka 1846, miaka 35 baadaye. Burney alipewa kinywaji kidogo cha mvinyo, basi. Mwaka 1812 ndipo alipomwandikia dada yake Esther mkasa wote, kidogo kidogo, kwa miezi, kwa sababu kila akikaa kuandika kichwa kilimuuma.

Barua hii inajulikana kwa sehemu ya kisu. Wanaoitaja huruka moja kwa moja hadi hapo: leso nyembamba iliyofunika uso wake ambayo aliweza kuona kupitia kwake, chuma kikimetameta, mayowe. Nami niliwahi kuifundisha hivyo, kama maandishi ya maumivu. Safari hii sehemu ya kisu sikuimaliza. Niliganda kurasa mbili tatu kabla yake.

Asubuhi ile anaarifiwa kwamba ni leo. Anafanya mpango mumewe aitwe kwenye shughuli mbali na nyumba, asiwepo kuona. Halafu daktari mmoja anachelewa, mambo yanasogezwa mpaka saa tisa alasiri. Sasa mwanamke huyu ana saa kadhaa mikononi na hana la kufanya. Anaingia kwenye chumba walichokitayarisha. Anaona bandeji, pamba, sponji, vitambaa, rundo kubwa. Hapo ndipo anapojisikia vibaya. Anatoka, anatembea huku na huko sebuleni, anatembea tena, mpaka hisia zinakufa ganzi na anabaki kama mtu asiye na akili. Kisha wanaume saba waliovaa nguo nyeusi wanaingia bila hodi.

Ninachokiheshimu hapa ni kwamba Burney, ingawa anaandika baada ya mwaka kugeuka, hajisingizii ushujaa. Hasemi alipata amani. Hasemi aliomba na moyo ukatulia. Anasema rundo la bandeji lilimtia kichefuchefu. Nimesoma mistari hiyo nikaweka kitabu chini, kwa sababu juzi muuguzi alinipa karatasi ya vitu vya kuja navyo, na kitu kilichonimaliza si neno "upasuaji" lililoandikwa kwa herufi kubwa juu. Ni "kanga mbili, zisizo mpya." Nilijiuliza kwa nini zisiwe mpya. Nikajijibu, nikakaa chini kwenye benchi.

Hofu yangu, nimegundua, haikai kwenye mambo makubwa. Kifo sikioni vizuri, kiko mbali na hakina umbo. Kanga naiona. Burney alilijua hilo, na hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa kweli: hakututajia hofu, alituonyesha meza.

Na kuna jambo moja zaidi. Burney aliishi mpaka mwaka 1840, akafa na miaka 87. Wakati ule hapakuwa na maabara ya kukipima kile kipande kwa darubini kama watakavyofanya cha kwangu, kwa hiyo mpaka leo wasomi wa tiba wanabishana kama ilikuwa saratani kweli. Yaani alama ya kuuliza iliyokuwa mbele ya jina lake haijafutwa kwa zaidi ya miaka 200. Sijui kwa nini jambo hilo linanifariji, lakini linanifariji.

La pili ni kitabu cha Audre Lorde, *The Cancer Journals*, cha mwaka 1980. Lorde, mshairi Mweusi wa New York, mtoto wa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi, alikatwa titi Septemba 1978. Kitabu kinachanganya kumbukumbu za shajara na insha, na sehemu inayojulikana zaidi ni ile anayokataa kuvaa titi la bandia ili wengine wasijisikie vibaya wakimtazama. Ni kitabu kikali, nakipenda.

Lakini ndani yake kuna hotuba fupi aliyoitoa Chicago Desemba 1977, miezi tisa hivi kabla ya kukatwa titi. Wengi tunainukuu bila kukumbuka ilitokana na nini. Ilitokana na alama ya kuuliza. Madaktari walikuwa wamemwambia ana uvimbe, na uwezekano wa kuwa saratani ni asilimia 60 hadi 80. Alingoja upasuaji wiki tatu. Ulipotolewa, haukuwa saratani.

Wiki tatu! Kama mimi. Nilikimbilia ukurasa huo kama mtu mwenye kiu. Na hapa ndipo ninapomlalamikia Lorde, kwa heshima zote. Wiki tatu zile amezipa sentensi moja. Moja! Anasema zilikuwa za mateso, kwamba maisha yake yote yalijipanga upya bila hiari yake, kisha anavuka kwenda kwenye funzo. Nilitaka kujua Jumanne ya wiki ya pili alikula nini. Nilitaka kujua kama alilala. Nilitaka kujua kama aliwahi kushika simu ampigie mtu kisha akaiweka. Anakimbilia -li- haraka mno, kwa sababu hotuba inataka hoja na wasikilizaji wamekaa.

Hata hivyo funzo lenyewe limenikamata shati. Anasema alipoutazama uwezekano wa kufa, kilichomuuma zaidi katika maisha yake yaliyopita ni yale aliyoyanyamazia. Kunyamaza hakukumlinda. Nilisoma hapo mara tatu, nikajua ananisema.

Kwa maana mama yangu alikuwa hajui. Yuko Tanga, ananipigia kila asubuhi. "Umeamkaje, mwanangu?" "Salama, mama." "Kazi?" "Namshukuru Mungu." Wiki mbili nzima. Nilijiambia namhurumia. Mwaka aliougua shangazi, dada wa marehemu baba, nyumba nzima hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa. Ulikuwa "yale maradhi." Kabla ya kansa kuwa neno la redioni, wazee wetu walikuwa na saratani, neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, kaa wa pwani huyu tunayemjua, ndilo jina la nyota ya nne kwa wanajimu wetu pia. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Jina lilikuwepo siku zote. Nyumbani kwetu halikutamkwa, na shangazi akaondoka bila yeyote kumuuliza anaogopa nini.

Nilimpigia mama Jumapili iliyopita, baada ya Lorde. Nikamwambia yote. Uvimbe, sindano, majibu yasiyoeleweka, Jumatano. Alikaa kimya nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema: "Wa kukuchangia damu umeshapata?"

Nilicheka, nyie. Nililia na nilicheka.

Hapa niseme neno kuhusu kitabu cha nne ambacho sikukihesabu, kwa sababu nimekisoma kama msaidizi tu: *Illness as Metaphor* cha Susan Sontag, cha mwaka 1978. Sontag alikuwa ametibiwa saratani ya matiti tangu mwaka 1975, lakini ndani ya kitabu hajitaji hata mara moja. Hoja yake ni kwamba sitiari tunazouvika ugonjwa huu humuumiza mgonjwa, hasa sitiari za vita. Kwetu nazo zimejaa: mapambano dhidi ya saratani, shujaa, ameshindwa vita, amefariki baada ya kupambana kwa muda mrefu. Kana kwamba aliyekufa hakupigana vya kutosha. Sontag ana haki. Naongeza tu kwamba kwa sisi wa -ja- sitiari hiyo haina hata pa kushikia. Rafiki yangu ananiandikia kila siku "pambana, dada." Nipambane na nani? Na alama ya kuuliza?

Andiko la tatu ni letu, na ndilo nililolisoma vibaya kuliko yote. *Utenzi wa Mwana Kupona*. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Beti 102. Chuo kikuu tuliusoma kama hati ya kesi. Upande mmoja: huyu mama anamfundisha bintiye utumwa kwa mume. Upande wa pili: hapana, soma vizuri, kuna kejeli, kuna ujanja wa mwanamke kuishi ndani ya nyumba ya mwanamume. Niliandika insha ndefu upande wa pili, nikapata alama nzuri. Katika insha ile nzima sikuandika mara moja kwamba mtunzi alikuwa mgonjwa.

Na si siri. Analisema mapema kabisa: maradhi yamemshika, mwaka umetimia. Anamwita binti asogee karibu na wino na karatasi. Kisha anampa nasaha zake, anaziita hirizi, anaziita kidani cha lulu. Mwishoni anageuka kwa Mungu na kuomba, pamoja na mengine mengi, aondolewe maradhi. Yote mawili yamo katika utenzi mmoja. Anaandika wosia kama mtu anayekwenda, na anaomba dua kama mtu anayebaki. Sisi wahakiki tulizozana kuhusu katikati na kuruka mwanzo na mwisho, na ndimo mtu mwenyewe alimokuwa.

Sisemi ugonjwa unafuta ubishi wetu. Zile beti za kumtumikia mume bado zinanikwaza, na mtunzi kuwa kitandani hakuzifanyi kuwa sahihi. Lakini sasa najua zilitoka wapi. Mtu asiyejua kama atakuwepo mwakani anampa mwanawe kila kifaa alicho nacho, hata vile ambavyo mimi nisingevipokea. Hachagui. Muda wa kuchagua hana.

Na pengine hapo ndipo nasaha ndefu namna ile zinapopata maana yake nyingine. Mkono unaoandika kuhusu usafi wa nyumba na adabu ya mazungumzo ni mkono uliopata kazi. Burney alitembea sebuleni kwa sababu hakuwa na kazi. Mwana Kupona alijitafutia yake.

Mama alifika juzi kwa basi la asubuhi. Amekuja na kanga mbili, si mpya, zimefuliwa mpaka zimelainika, na binamu zangu wawili wa kuchangia damu. Usiku aliniona na kitabu akauliza nasoma nini. Nikamwambia. Yeye utenzi huo aliusikia kwa bibi yake tangu utotoni na vipande anavijua kwa kichwa. Nikaanza kumweleza ule ubishi wetu wa chuo, kuhusu mume na utiifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kwa upole kabisa, "Lakini mwanangu, yule si alikuwa mgonjwa? Miaka yote mliyosoma hamkuliona hilo?"

Sikuwa na jibu. Mhakiki wa nyumbani kwetu alikuwa Tanga muda wote, akiuza maandazi.

Nilimuuliza kama anadhani Mwana Kupona alijua atakufa. Alifikiri. "Angejua asingeomba," akasema. "Na angejua atapona asingeandika." Sijawahi kukutana na uhakiki wa utenzi ule uliofika mbali hivyo kwa maneno machache hivyo, na nimesoma mwingi.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali langu. Lorde amenisaidia kufungua mdomo, lakini wiki tatu zake amezifunika. Burney ameniachia meza na bandeji zake, na ruhusa ya kutokuwa shujaa. Naye aliandika akiwa ameshavuka. Mwana Kupona peke yake kati yao aliandika akiwa bado ndani, mwaka mzima wa maradhi nyuma yake na mbele hapaonekani. Alifariki miaka kama miwili baadaye, karibu mwaka 1860, na hilo nalijua mimi, yeye hakulijua, na utenzi haulijui. Ndiyo maana naweza kuusoma usiku huu bila kuhisi kwamba mtu ananihurumia kutoka ng'ambo.

Jina lake pia nimelitazama upya. Kupona. Nimelitamka mamia ya mara darasani kama jina tu.

Kama kuna mtu anasoma hapa naye ana faili lake lenye alama ya kuuliza, sina ushuhuda wa kukupa. Nina orodha ya kusoma, na nina haya niliyoyaona kwa macho yangu. Mwambie mtu mmoja anayekupenda, hata kama utamshtua. Mara nyingi atakuuliza jambo la maana kuliko unavyotegemea. Maswali ya daktari yaandike kwenye karatasi, maana ukifika pale yote yanapotea. Mimi ninayo saba, la kwanza ni majibu yatachukua siku ngapi. Na jitafutie kazi ya mikono kwa zile saa za kungoja. Mama ananisukia ukili nijifunze. Nashona vibaya, mkeka wenyewe utakuwa umepinda.

Jumanne usiku saa sita naacha kula na kunywa. Faili liko mezani, nimeliweka chini ya kanga ili nisilifungue tena. Mama yuko mlangoni, anauliza kama nimemaliza kuandika, chai inapoa.

Sijamaliza, mama. Nakuja.